Wateja Wote Waliitwa Pakiteng

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na waliokuja kufanya kazi nami baadaye hawakumpinga. Naliweka hili mwanzoni ili msomaji asishangae huko mbele nikianza kubishana na watu wazima. Kuandika programu za kompyuta kunataka subira, nami yangu yote ilikuwa inaishia kwenye mashine. Nikifika kwa binadamu, imeshakwisha.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au yanafungwa milango, na karibu kila aliyepunguzwa kazi pale Arusha alifungua kitu chake. Karani alifungua duka la vifaa vya ujenzi, dereva akafungua gereji, mwalimu akafuga kuku wa mayai. Wakishasimama kidogo walinunua kompyuta. Wengine waliiweka juu ya kaunta na kuifunika kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni, na mteja akiingia kitambaa kinakunjwa kwa heshima. Mimi ndiye niliyekuwa naitwa ili kompyuta hizo zifanye kazi na si kukaa tu. Nilikuwa na chumba kimoja Themi, chenye meza, mashine mbili na kiti cha mgeni kilichokuwa kinayumba, na humo niliandika programu za stoo, za mauzo na za wateja.

Mtu niliyemfanyia kazi nyingi kuliko wote alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa mtu wa makamo, Mchaga kama mimi, ila yeye Mkatoliki wa Rombo na mimi Mlutheri wa Machame, kwa hiyo hatukukosa la kutaniana. Zamani alikuwa mtumishi wa serikali. Enzi hizo majosho yalikuwa na dawa, bwana mifugo anafika bomani kwa miguu au kwa baiskeli, na mfugaji hakuwa na haja ya kujua chupa imetoka wapi. Kisha tukaambiwa serikali inajitoa, kila mtu ajihudumie. Majosho yakakauka. Daktari akaacha kazi, akafungua duka la dawa za mifugo mjini, akamwajiri bwana mifugo mmoja mwenye pikipiki awe anazungukia wafugaji kwa niaba yake.

Programu ya duka lile niliiandika mimi. Kila mfugaji alikuwa na kadi yake ndani ya kompyuta: jina, kijiji, aina ya mifugo, na chini yake sanduku kubwa lililoandikwa Maelezo. Humo bwana mifugo alimwaga kila alichokiona bomani. Yule bwana alipenda kuandika, jamani. Mwingine angeandika "ng'ombe mmoja, minyoo" akaenda zake, lakini yeye aliandika rangi ya mnyama, pembe zake, tabia yake, na kama alikaribishwa chai. Ila huwezi kuifikia kadi bila kuandika jina la mwenye boma. Daktari ndiye aliyetaka hivyo, tena alisisitiza, kwa sababu alisema duka ni la watu na si la ng'ombe.

Kwa wateja wa Akheri na Kikwe hapakuwa na tatizo. Mmeru anakuja, ana ng'ombe wawili wa bandani, anataja jina lake la ubatizo na la baba yake, kadi inatoka. Kazi ilikuwa kwa wafugaji wa magharibi ya mlima, Waarusha wa huko Oldonyosambu na kuendelea. Mzee anaingia, anataja jina lake vizuri kabisa, mama wa kaunta anaandika, mashine inajibu: Hakuna. Anaandika tena. Hakuna. Mama wa kaunta alikuwa Mmeru mwenye sauti ya kuongozea kwaya, na hakujua kulisema jambo kwa taratibu. "Baba, humu haumo," anamwambia mtu aliyesimama mbele yake na fimbo yake mkononi. Wengine walicheka. Wengine walisonya wakaondoka, na duka jingine la dawa lilikuwa mtaa huohuo.

Daktari akaanza kunilaumu. "Programu yako inameza watu," alisema. Nilimwambia programu haina meno. Nilimwambia vilevile kwamba dawa ya tatizo lake ninayo: niongeze kitafutio cha kutafuta maneno yote, siyo jina peke yake. Mtu akisahau au akikosewa jina, tutampata kwa kijiji, kwa ugonjwa, kwa rangi ya ng'ombe, kwa neno lolote ambalo bwana mifugo aliliandika siku ile.

"Mtu mzima anajua jina lake," daktari akanijibu. "Kwa nini nimtafute kwa mkia wa ng'ombe? Nyie watu wa kompyuta mnatengeneza ugonjwa ili muuze dawa."

"Na wewe unauza nini hapa?" nilimuuliza.

Mama wa kaunta aliangalia pembeni. Daktari alicheka, lakini hakukubali. Tuliendelea hivyo kwa muda, kila nikienda kurekebisha kitu nagusia kitafutio, naye ananipiga chenga. Mwishowe aliniambia nijaribu, mradi nimwondolee kelele.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Programu inapita kwenye kila kadi, inasoma kila neno, na inakumbuka neno hilo limo katika kadi zipi. Ni kama faharasa iliyo nyuma ya kitabu, inayokuonyesha kurasa. Ukiandika maneno matatu, inachukua kadi zenye neno la kwanza, inazichuja kwa la pili, kisha kwa la tatu, na zinazobaki ndizo zako. Kilichonitoa jasho ni mashine ya daktari, iliyokuwa nzito kama gunia la mahindi mabichi. Ilibidi niondoe maneno yasiyosaidia, kama "na" na "ya" na "kwa", maana yalikuwa yanajaza nafasi bure. Halafu nikaona neno linalojaza kuliko yote ni "ng'ombe", lipo katika karibu kila kadi, nalo nikaliondoa. Ikawa programu ya daktari wa ng'ombe haitambui neno ng'ombe. Mama wa kaunta alipoligundua hilo alinitania hadi nikachoka.

Siku ya kuijaribu nilifika dukani asubuhi na disketi zangu mkobani. Faharasa ilianza kujengwa tukiwa tunakunywa chai, na umeme wa mgao ukakatika katikati. Uliporudishwa nikaanza upya, huku nasali kimoyomoyo na kulaani kwa sauti. Ilipokamilika, niliitazama kuona ni maneno gani yanajirudia zaidi. Minyoo, kupe, ndigana, chanjo, hayo nilitegemea. Lakini kati yao kulikuwa na moja nisilolijua: Pakiteng. Halikutoka kwenye Maelezo. Lilitoka mahali pa jina la mwenye boma, kadi baada ya kadi baada ya kadi, zote za magharibi ya mlima.

"Daktari," nilimwita, "mbona wateja wako wote wanaitwa Pakiteng?"

"Ukoo," alijibu bila kuinua kichwa. "Ukoo mkubwa sana huo. Nimewaagizia salamu mara kadhaa, kiongozi wao aje tuzungumze habari za kupe. Wanaringa, hawaji."

Bwana mifugo aliyeandika kadi zile asingeweza kuulizwa. Alikuwa mtu wa kutoka Sumbawanga, na miezi michache kabla alikuwa ameacha pikipiki ya daktari akaenda kuendesha watalii, kama nusu ya watu wenye leseni Arusha. Nilikuwa bado naitazama ile orodha ya Pakiteng mlango uliposukumwa akaingia mzee mmoja.

Alikuwa mrefu, amejitanda shuka nyekundu juu ya koti la suti, viatu vya matairi vimejaa vumbi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari anamtazama daktari. Alianza kueleza kabla hajakaa. Ng'ombe wa mke wa mwanawe alikuwa anaumwa. Alionyesha kwa vidole chini ya sikio lake mwenyewe mahali tezi zilipovimba. Mnyama anahema kwa shida, hajala tangu jana, na asubuhi ile alikuwa amelala hataki kusimama. Mwanawe hayupo, yuko Mererani kwenye mashimo ya madini. Mke wa mwana ana mtoto mchanga, yeye mwenyewe maziwa yake ni haba, na maziwa ya mtoto yalikuwa ni ya huyo ng'ombe.

"Si wangu," mzee alirudia, kama vile tumebisha. "Ni wake. Ndiye pekee aliye naye."

Daktari alishamwelewa. Alimuuliza swali moja tu: huyo ng'ombe aliwahi kuchanjwa ndigana kali, ile homa inayoletwa na kupe? Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini swali lilikuwa hilo. Aliyechanjwa, ndigana kali hairudi kumwua, kwa hiyo homa ile ingekuwa na chanzo kingine na dawa yake ingekuwa nyingine. Ambaye hakuchanjwa, hiyo ndiyo ndigana yenyewe, na saa zake zinahesabika. Ukikosea dawa, umepoteza muda ambao mnyama hana. Mzee alisema bwana mifugo alifika bomani mwaka uliopita, yeye akiwa ameipeleka mifugo mingine mbali kutafuta majani, wamebaki wanawake tu. Mke wa mwanawe alimwambia ng'ombe alichomwa sindano. Sindano ya nini, hakujua. Sikio halikuwa na hereni ya chanjo, lakini lilikuwa limechanika, kwa hiyo huenda ilikuwepo ikanasa kwenye miiba.

"Jina lako, baba?" mama wa kaunta aliuliza. Mzee akalitaja. Akaandika. Hakuna.

Akaandika upya. Hakuna. Mzee aliinama juu ya kaunta kuitazama ile skrini, kana kwamba angejiona humo. "Ni mimi," alisema. "Nimezaliwa pale. Baba yangu amezikwa pale. Mnasemaje sipo?"

Hapo hasira zangu zikapanda. Nilimwondoa mama wa kaunta kitini, sikumwomba hata samahani, nikakaa. "Baba, achana na jina. Niambie huyo ng'ombe yukoje."

Hakusita hata kidogo. Alimweleza kama mtu anavyomweleza mtoto wake aliyepotea sokoni. Mweupe, shingo ya kahawia. Pembe ya kushoto imeinama chini karibu iguse shavu. Mpole, anakamuliwa bila kufungwa miguu. Niliandika: kahawia, pembe, kushoto, Oldonyosambu. Mashine ikakoroma kidogo, kisha ikaleta kadi mbili. Nikaongeza neno "mpole". Ikabaki moja.

Nilisoma kwa sauti. Ng'ombe mweupe, shingo kahawia, pembe ya kushoto imeinama. Mpole sana, hukamuliwa bila kamba. Mali ya mama wa nyumba, asema alipewa siku alipoingia boma hili kama bibi harusi. Ana mimba. Amechomwa dawa ya minyoo tu. Chanjo ya ndigana asubiri hadi azae, nitarudi.

Nitarudi. Hakurudi, alikuwa Ngorongoro anaonyesha Wazungu vifaru. Niliona mkono wa daktari unaenda kwenye friji ya dawa, kisha ukasimama.

"Kadi ya nani hiyo?" aliuliza.

Mama wa kaunta alichungulia begani kwangu. "Imeandikwa Pakiteng. Si ya huyu baba."

Daktari akarudisha mkono. Sitaki kumwonea, alikuwa mwangalifu na ndiyo maana watu walimwamini. "Ng'ombe weupe wenye shingo ya kahawia wako wengi," alisema. "Siwezi kumchoma mnyama wa huyu kwa kadi ya mtu mwingine. Je, kama wake alichanjwa?"

"Pembe, daktari," nilimwambia. "Pembe imeinama kushoto. Wako wangapi?"

"Jina si lake."

Ubishi huo ungeendelea, maana mimi nilishasimama na yeye alishavua miwani. Kilichotukatiza ni mzee. Alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nani amewapa hilo?" aliuliza. "Pakiteng. Nani amelitoa bomani?"

"Wewe ndiye Pakiteng?" daktari akamuuliza.

"Ni mimi. Lakini kwa mtu mmoja tu."

Akatueleza, na ilibidi aeleze haraka kwa sababu ng'ombe alikuwa anakufa. Mwanamke kwao halitaji jina la baba wa mume wake. Halitaji kabisa, hata nyumba ikiungua. Lakini siku bibi harusi anapofika anasimama mlangoni haingii, mpaka apewe mnyama wake. Baba mkwe akimpa ng'ombe, tangu siku hiyo wanaitana Pakiteng, wao kwa wao, kwa sababu ya ng'ombe waliyepeana. Kwa hiyo bwana mifugo kutoka Sumbawanga anafika, wanaume wako na mifugo, anawauliza wanawake: mwenye boma hili anaitwa nani? Wanawake wanajibu kile wanachoweza kujibu. Anaandika, anashukuru chai, anapanda pikipiki anaenda boma la pili, ambako wanamjibu vilevile.

Daktari alivaa miwani yake upya. Nadhani alikuwa anazifikiria zile salamu alizomwagizia kiongozi wa ukoo.

"Kwa hiyo wote hawa," mama wa kaunta alisema, akiigusa skrini, "ni baba wakwe?"

"Waliotoa ng'ombe," mzee alimjibu. "Waliotoa kondoo mtawakuta kwa jina jingine."

Daktari alikwishachukua chupa. Alifunga duka saa ile ile, akamwambia mama wa kaunta abaki mlangoni kupokea ujumbe, akawasha pikapu. Mimi nilipanda bila kuombwa. Sikuwa na kazi yoyote kule. Nilitaka tu kuona huyo ng'ombe anasimama, maana niliona kama ni wangu. Sisemi uongo, njiani nilikuwa najisifu moyoni. Maneno matano tu, nikawa nawaza, na mashine imempata.

Mashine ilimpata upesi, lakini barabara haikutaka kujua. Lami ilikuwa na mashimo, na baada ya kuiacha lami tulipanda korongo kwa gia ya kwanza, mzee anaelekeza kwa fimbo kupitia dirishani. Tulipofika jua lilikuwa limeshaanza kwenda upande wa Monduli. Mke wa mwana alikuwa msichana hasa, nadhani alinizidi urefu lakini si umri. Alikuwa amekaa chini na mtoto mgongoni, kichwa cha ng'ombe kikiwa mapajani mwake, anafuta povu puani kwa kitambaa cha mtoto.

Aliinuka kwa sababu ya adabu tu, ilionekana. Alikuja hadi kwa mzee, akainamisha kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja. "Pakiteng," alisema yule binti. "Pakiteng," mzee akaitika. Kisha akarudi chini kwa ng'ombe wake.

Daktari alimpima, akamsikiliza mapafu, akamchoma sindano. Alifanya kila kitu kwa mkono mtulivu ambao sikuwahi kuuona pale dukani, mahali anapopenda maneno. Binti alikuwa anamtazama usoni muda wote. Aliuliza kitu kwa Kimaasai, na mzee akatafsiri: anauliza kama atasimama.

"Mwambie dawa ni yenyewe," daktari alisema. "Mwambie tumechelewa."

Mzee alitafsiri neno la kwanza. La pili alilimeza, nilimwona. Binti aliitikia kwa kichwa, akafungua shuka lake la mabegani akamfunika nalo ng'ombe.

Tulianza safari ya kurudi mjini. Karibu na Sakina daktari alisema, kama anayejisemea, kwamba zamani pale chini ya korongo palikuwa na nyumba ya bwana mifugo, amewahi kulala humo. Friji ya mafuta ya taa ilikuwa na chanjo wakati wote. Nilimuuliza sasa humo anakaa nani, akasema nyumba imeezuliwa mabati. Nilitukana, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuniambia niwe na adabu ya Kilutheri.

Kitafutio kilibaki. Baada ya wiki chache daktari alikuwa anawaambia wenye maduka wengine kwamba ni wazo lake, nami nikamwacha, kwa sababu watatu kati yao walinijia wakitaka cha namna hiyo. Tulirekebisha kadi zile. Mzee yeyote akiingia dukani mama wa kaunta hakumuuliza jina kwanza, alimuuliza ng'ombe wake wakoje, na wazee walipenda hilo kupita kiasi. Foleni ikawa ndefu, maana hakuna aliyemweleza ng'ombe wake kwa kifupi. Majina halisi tuliyaweka mahali pake, lakini lile la Pakiteng nililihamishia kwenye Maelezo na sikulifuta. Daktari alitaka mashine iwe nyepesi, akaagiza tufute mifugo yote iliyokufa. Nilimwambia nitafanya. Nilikuwa naahirisha.

Mzee alikuja tena siku moja ya Jumamosi. Nilikuwepo kwa bahati, nabadilisha kibodi. Alisalimia kila mtu kwa zamu, akakataa soda, akatwambia yule ng'ombe alikufa asubuhi iliyofuata. Aliisema kama habari ya kawaida, kwani ilikuwa imeshakuwa ya kawaida kwake. Mtoto sasa anapewa maziwa ya mbuzi na hajambo. Yeye mwenyewe amempa mke wa mwanawe ng'ombe mwingine, mweusi, mzuri.

"Na bado mnaitana vilevile?" nilimuuliza.

"Vilevile. Lakini huyu mweusi ni ng'ombe tu." Alikohoa kidogo. "Mke wa mwanangu hasemi kitu. Anamkamua, anamlisha, hasemi kitu. Na mimi ni baba wa mume wake, siwezi kukaa naye nikamuuliza moyo wake." Aliinyooshea mashine kidole. "Mwite yule."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaandika: kahawia, pembe, kushoto, mpole. Akatokea. Nilianza kusoma, mweupe, shingo kahawia, na nilipofika kwenye bibi harusi nikalia pale mbele ya wateja, mimi ambaye watu walizoea kuniona nafoka. Mama wa kaunta alinisogezea leso bila utani.

"Mmeandika kwamba amekufa?" mzee aliuliza.

"Bado, baba."

"Ukiandika, ukimwita atakuja?"

Nilimtazama daktari, aliyekuwa amesimama mlango wa stoo na amesikia yote. Alitikisa kichwa kukubali.

"Atakuja," nikasema.

"Basi andika."

Niliandika mwisho wa Maelezo kwamba amekufa, nikahifadhi, nikafunga kadi, nikamwita upya mbele yake ili aone. Alipotokea, mzee alivuta kiti karibu, akaniomba nisome tena tangu mwanzo, polepole, kwa sababu mwenye ng'ombe hajui kusoma na mzee ndiye angekwenda kumwambia.